Kanda Isiyo na Mvumo

Tarehe 9 Februari

Fundi wangu,

Sitakuuliza hali, maana hata ukinijibu kwa simu sitasikia. Dada amejaribu kuniwekea simu sikioni mara mbili, akanikazia macho kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, nami nikatikisa kichwa ili kumridhisha tu. Sikusikia chochote. Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba sikio la kushoto halina tena kazi, na la kulia "tusubiri kwanza". Mimi nimeshaacha kusubiri. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani, na ule mwandiko wako wa kuku itabidi uunyooshe kidogo.

Niko kwa dada, chumba cha nyuma, katikati ya mafurushi ya sare za shule. Anashona kutwa nzima. Najua anashona kwa sababu sakafu inatetemeka chini ya godoro langu. Tukizungumza, mimi naongea na yeye anaandika kwenye daftari. Ameshajaza madaftari mawili, na nusu yake ni kunigombeza.

Mkono wa kulia naweza kuukunja na kuukunjua. Kuna alama ya moto kiganjani, pale niliposhika bati. Zaidi ya hapo Jumapili ile ya onyesho letu siikumbuki. Nakumbuka tukishusha spika kwenye ngazi za Handaki, lile ghala la chini ya duka la fanicha, na muuza fanicha akituapia kwamba tukikwaruza hata mguu wa meza yake hatushuki tena chini ya duka lake. Nakumbuka bati langu la kupigia likining'inia kwenye fremu, limeunganishwa kwa waya na amplifaya. Nakumbuka nikienda kuchota ndoo ya maji ya kulilowesha bati libadilishe sauti. Baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali.

Wameniambia nilimwaga maji kwenye bati umeme ukiwa unapita, ukanitupa chini na kuniharibu masikio. Bosi wangu wa karakana alikuja hospitali kuniangalia, akaandika kwenye karatasi: "Mchomeleaji wa miaka kumi na moja, na maji?" Kisha akaondoka. Ndugu yangu, nina aibu. Tulifanya mazoezi miezi mitano, ghala likajaa watu kwa mara ya kwanza tangu tuanze huu muziki wetu wa kelele, halafu mimi nikaharibu kwa ujinga wa kitoto. Na ni wewe uliyenibeba kunipandisha ngazi zote zile. Nisamehe. Siombi kwa mdomo tu, naomba kweli.

Niambie ilikuwaje, hilo tu. Kabla sijaanguka, tulikuwa wazuri?

Chuma

—

Tarehe 17 Februari

Ndugu yangu Chuma,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa kibanda changu, mkono mmoja umeshika redio ya mteja, na mteja mwenyewe ananitolea macho. Kwanza, hilo la kuomba msamaha lifute. Nimekusamehe, na nilikusamehe palepale. Mtu akishikwa na muziki hafikirii. Ungekuwa mtu wa kufikiria ungekuwa unapiga gitaa kwenye harusi za watu.

Unauliza tulikuwa wazuri? Chuma, watu sitini na kitu walikaa juu ya makochi ambayo bado yana nailoni. Ulianza taratibu, unalikuna bati kwa brashi ya waya, kama mtu anayesugua sufuria nyumba ya tatu. Watu wakacheka kidogo. Mimi nikaichukua ile sauti, nikairudisha mara nne, kila mara nzito zaidi, na kicheko kikaisha. Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja kutukejeli, nilimwona ameyakamata magoti yake kwa mikono miwili. Ukaingia na zile springi za godoro bovu. Kabati za muuza fanicha zikaanza kugongana milango zenyewe, na kila mtu akadhani tumepanga.

Halafu pale mwishoni, kabla hujaanguka, ulitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala kwa chombo. Watu walisimama. Walipiga makofi mpaka vumbi la dari likawashukia kichwani.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka muda wote. Yule mama wa kampuni ya kanda, aliyekaa mbele amepandisha miwani kichwani, ameisikiliza kanda yetu na anaitaka. Ataitoa hadharani, majina yetu mawili juu ya jalada. Anachohitaji ni sahihi zetu. Mimi nimeshasaini. Fomu yako nimeitia ndani ya bahasha hii, weka sahihi kwenye mstari wa chini uirudishe.

Pumzika, upone. Msalimie Dada, mwambie ile suruali aliyonipunguzia kiuno sasa inanitosha.

Fundi

—

Tarehe 28 Februari

Fundi,

Barua yako nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika. "Watu walisimama." Nilimsomea dada mstari huo kwa sauti, sijui sauti ya kiasi gani, maana jirani alikuja kugonga dirisha. Dada akaandika kwenye daftari: "Wangekuwa na akili wangekimbia." Unamjua alivyo. Lakini alikuwa anatabasamu.

Mimi nimemwaga unga. Nilikwenda karakana wiki iliyopita na mkono wangu nimeuosha vizuri, bosi hata kiti hakunipa. Aliandika kwamba kwenye kazi ya vyuma mtu asiyesikia akiambiwa "angalia!" anajiua na kuua wengine. Hilo nalikubali, ana haki. Lakini akaongeza kwamba mtu asiyejua maji na umeme havikai pamoja hakufaa tangu mwanzo. Akawaonyesha wenzangu alichoandika, wakacheka. Yule tuliyekuwa tukishikiana mageti naye alinieleza kwa ishara: siku hizi mtu akikosea pale anaambiwa, "Usitufanyie Chuma." Mjomba naye kalisikia huko aliko, kampigia dada simu kuuliza kama ni kweli.

Uziwi nitauzoea. Sijauzoea, lakini nitauzoea. Humu kichwani kuna mlio mmoja mwembamba usiozimwa, nimeshaanza kuuchukulia kama mpangaji asiyelipa. Lakini kuitwa mzembe kwenye kazi yangu mwenyewe, kazi niliyoianza sina hata ndevu, hilo halinipiti kooni. Ndiyo maana kila nikikumbuka kwamba wewe hukunilaumu hata kwa neno moja, machozi yananilenga.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nitumie nakala ya kanda. Dada atavaa vile visikizio vyangu na kuniandikia dakika kwa dakika, hata kama atakuwa anatapika. Nataka kujua nilifanya nini kabla sijatia sahihi. Pili, nitumie amplifaya yangu. Lori la muuza fanicha linapita huku kila mwezi, mpe dereva. Siwezi kuisikia, najua, lakini nikiiwekea kiganja juu nitaihisi inavyotetemeka, na hilo kwangu si dogo.

Chuma

—

Tarehe 8 Machi

Chuma,

Amplifaya nimempa dereva leo asubuhi. Nimeifunga kwa blanketi, mwambie Dada asije akalifanya blanketi kitambaa cha kudekia, ni la mke wangu.

Kanda nimeshindwa. Yule mama ameiweka kwake na hataki nakala itembee kabla ya kuitoa, ndivyo walivyo watu wa kazi hiyo. Lakini usiwe na wasiwasi, nitakusikilizia mimi. Nimeisikiliza mara tisa. Kila mguso wako wa bati umo ndani, hata pumzi unavyovuta kabla ya kupiga. Fundi mitambo wa yule mama aliniuliza, "Hii mmerekodi ghalani kweli, au mnatutania?" Anasema hajawahi kusikia kanda ya ghalani iliyo safi hivyo. Hakuna mvumo hata chembe, kuanzia sekunde ya kwanza. Niliona fahari, nakwambia ukweli. Mtu unafanya kelele maisha yako yote halafu anatokea mtu anakuambia kelele yako ni safi.

Kwa hiyo saini, ndugu yangu. Mama ametupa mpaka mwisho wa Mei, baada ya hapo anachukua watu wengine. Fikiria bosi wako akiona jina lako kwenye jalada. Yeye ana mageti tu.

Na hayo mambo ya uzembe acha kuyabeba. Ajali ni ajali. Mimi mwenyewe huwaambia watu hivyo wakianza maneno yao: mwacheni Chuma, yeyote angeweza kusahau.

Fundi

—

Tarehe 15 Machi

Fundi,

Amplifaya imefika salama, na blanketi limefuliwa, litarudi na dereva.

Tumeipiga amplifaya hii miaka mitano, na miaka yote mitano ilikuwa inavuma. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha mikseri, tukaihamisha kutoka ukuta huu kwenda ule. Ilivuma tu. Mwishowe tukaacha kuhangaika, tukauita ule mvumo mwanachama wa tatu, na wewe ukasema angalau huyu haombi nauli. Sasa unaniambia kanda haina mvumo hata chembe, kuanzia sekunde ya kwanza. Ulikwenda wapi?

Halafu kuna plagi. Iliyofika hapa ni nyeupe, mpya, bado ina kibandiko cha duka. Ile yangu ilikuwa nyeusi, imepasuka pembeni, na niliizungushia utepe mwekundu kwa mkono wangu. Hakuna mtu anayebadilisha plagi ya amplifaya inayokaa bila kutumika, tena ya mtu mwingine, tena siku ya kuipakia kwenye lori.

Nimelifikiria hili siku tatu. Dada ananiuliza kwenye daftari nina nini, namwambia kichwa. Fundi, mimi ni mchomeleaji. Maji yakimwagika kwenye bati na waya wa ethi, ule wa kijani unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, uko mzima, fyuzi inakatika, watu wanacheka, mnaanza upya. Tulikwisha kulifanya hilo mara mbili kwenye mazoezi. Mara zote mbili fyuzi ilikatika, na mara zote mbili ulinitukana kwa sababu ya fyuzi. Kwa nini safari hii haikukatika?

Najua njia moja tu ya kuua mvumo ule kwa dakika moja. Na wewe unaijua, kwa sababu wewe ndiye uliyenionya nisije nikaithubutu.

Chuma

—

Tarehe 2 Aprili

Chuma,

Nimechana barua nne kabla ya hii. Ya kwanza ilisema mvumo uliondolewa na mitambo ya yule mama. Ya pili ilisema plagi iliungua. Nyingine mbili hata sizitaji.

Niliukata waya wa ethi. Ulikuwa umekwenda kuchota maji. Yule mama alikuwa ameshashuka ngazi, amekaa, na amplifaya inavuma kama jokofu bovu, nami nikaona atatudharau kabla hatujaanza. Kelele zetu tulizipanga, ule mvumo hatukuupanga. Nilifungua plagi, nikakata ule wa kijani kwa koleo, nikafunga. Haikuchukua hata dakika moja. Pakawa kimya, kimya kizuri, na yule mama akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikusudia kukuambia. Ukarudi na ndoo yako unacheka, watu wakaanza kupiga kelele tuanze, na mimi nikasema moyoni, ni nusu saa tu.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Ulipomwaga maji ukaegemea ile nguzo ya chuma ya ghala, ulianza kutoa ile sauti niliyokusifia. Nilidhani umepata kitu kipya. Nilipandisha sauti, kwa mkono wangu, mpaka mwisho. Unaijua kanuni yetu, hakuna kumzimia mwenzako sauti hata afanye nini. Watu wakasimama, wakaanza kupiga makofi. Halafu nikaona macho yako. Pale nilijua, Chuma. Nilijua, na nikamtazama yule mama jinsi alivyoinuka kwenye kiti, na mkono wangu ukabaki palepale ulipokuwa. Nimepima kwenye kanda. Kutoka nilipojua mpaka nilipozima ni sekunde ishirini na mbili.

Na baada ya kuzima, kitu cha kwanza kuniingia akilini hakikuwa wewe, ilikuwa koleo iliyokuwa juu ya spika. Niliitia mfukoni kwanza, ndipo nikakukimbilia. Mtu mmoja akasema, "Ni maji." Nikasema ndiyo, maji. Baada ya hapo kila mtu akasema maji, na muuza fanicha akasema, na daktari akasema, na wewe ulipoamka ukasema.

Sikujua nikuandikie nini. Sasa unajua.

Fundi

—

Tarehe 10 Aprili

Fundi,

Nimempa dada barua yako asome. Alisoma akasimamisha cherehani, na mpaka sasa hajaiwasha.

Kukata waya nakuelewa. Nisijifanye mtakatifu, siku mbaya ningeweza kuukata mimi. Zile sekunde ishirini na mbili nazo, labda ipo siku nitazielewa. Mimi pia napenda makofi. Ningekuwa nimekaa kwenye mikseri na wewe ndiye uko kwenye bati, siwezi kuapa.

Lakini mimi nilikuomba msamaha. Nilikuomba kwa maandishi, mkono una bandeji, dada amenishikia karatasi isiteleze. Na wewe ukakaa mezani, ukatafuta kalamu, ukanisamehe. Ukaniandikia kwamba ulinisamehe palepale. Palepale wapi, Fundi? Kwenye ngazi, na koleo mfukoni? Halafu ukaniambia unavyonitetea kwa watu: mwacheni Chuma, yeyote angeweza kusahau. Nimekuwa nikilia usiku kwa kukushukuru. Nakuchukia kwa hilo, na nataka ulisome neno hilo mara mbili, kwa sababu sijawahi kumwandikia mtu yeyote.

Sasa sikiliza. Nataka kanda itoke. Ndicho kitu cha mwisho nilichopiga nikiwa nasikia, na sitaki kizikwe kwa sababu yako. Lakini haitatoka nikiwa bado mimi ndiye mjinga wa maji. Jumapili ya kwanza ya Mei kuna onyesho Handaki, na wengi watakuwa walewale. Mwalike bosi wangu, mwambie nimemwita mimi. Usimame mbele yao uisome barua yako ya tarehe 2, yote, usiruke mstari. Nimekurudishia humu ndani. Watu wajue mchomeleaji hakusahau kitu. Kisha uniandikie walifanya nini, nami nitatia sahihi siku hiyohiyo.

Hili la kusoma usinijibu kwa maneno. Nenda kasome.

Chuma

—

Tarehe 5 Mei

Chuma,

Nimesoma.

Ghala lilikuwa limejaa kuliko siku ile yetu. Nilisimama, nikasoma kuanzia zile barua nilizochana mpaka koleo. Sikuruka mstari. Nilipomaliza, ukumbi ulinyamaza. Kimya kabisa, Chuma, unajua Handaki halijawahi kunyamaza vile. Bosi wako alikuwepo, amesimama karibu na makabati. Alivua kofia. Watu walipanda ngazi mmojammoja bila kusema neno, na mimi nikabaki nakunja nyaya.

Sasa wanajua. Hakuna tena atakayekuita mzembe.

Sitakuomba unisamehe, sina uso huo. Nakuomba sahihi tu, mwisho wa mwezi haupo mbali.

Fundi

—

Tarehe 14 Mei

Fundi,

Huyu ni dada yake Chuma. Sijawahi kukuandikia chochote zaidi ya vipimo vya kiuno chako, kwa hiyo nivumilie kama sina adabu za barua.

Jumapili ile nilikuja. Nilimuaga mdogo wangu kwamba nakwenda kufuata vifungo vya sare, nikapanda basi, nikashuka zile ngazi zenu. Nilisimama nyuma kabisa, mgongo wangu kwenye godoro lililosimamishwa ukutani. Nilitaka kuziona nyuso za watu wakiambiwa kwamba mdogo wangu si mjinga. Sikuwa na haja nyingine.

Ulisoma yote, hilo nakupa. Lakini uliingia baada ya yule mwanamke anayepiga muziki kwa mashine ya kusagia na kabla ya wale jamaa wanaopiga madebe, kama vile na wewe ni zamu yako ya kutumbuiza. Ulisoma kwenye maikrofoni, mikseri imewashwa, na taa nyekundu ya kinasa sauti inawaka. Ulitegemea wataelewa nini? Ulipofika kwenye sekunde ishirini na mbili, mwanamume aliyekuwa mbele yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyu bwana anatisha." Ulipomaliza walipiga makofi. Walisimama, Fundi. Ulisema, "Jamani, hili si onyesho," wakapiga zaidi, na miguu wakapiga. Bosi wa Chuma alikuwepo kweli. Kofia aliivua, ndiyo, akaibana kwapani ili apate mikono ya kupigia makofi.

Nikangoja useme mara ya pili. Nikangoja uzime umeme, umshike hata mtu mmoja shati umwambie, ni kweli, ni mimi. Mimi mwenyewe nilitaka kupiga kelele kutoka kule nyuma, na nikaona wakinisikia watageuka wanipigie makofi na mimi. Wewe uliinama. Ukainama upande wa kulia, ukainama upande wa kushoto, ukafunga macho. Niliondoka wakati watu wa madebe wanapanga vitu vyao.

Barua yako ilifika Ijumaa. Mdogo wangu aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Kisha akaniuliza, "Dada, huyu siku hizi hasemi kweli. Nitajuaje kama walinyamaza?" Alikuwa ananitazama mdomoni, kama anavyofanya sasa, utadhani safari hii atasikia. Nilichukua daftari. Niliandika kwamba sikwenda kufuata vifungo, kwamba nilikuwepo Handaki, na kwamba ni kweli, walinyamaza.

Aliniamini mara moja. Alilia juu ya furushi la sare mpaka nikabadilisha kitambaa. Halafu akaomba pasi, akainyoosha barua yako, na kila anayeingia kupimwa nguo anaonyeshwa. Anakula vizuri. Anasema wiki ijayo atakwenda karakana kumsalimia bosi wake, na mimi sijui yule mzee atamwandikia nini kwenye karatasi. Kila asubuhi nabuni sababu ya kumzuia, na sababu zinaniishia.

Tangu afe mama nimemlea mtoto yule bila kumdanganya hata siku moja, hata alipouliza maswali magumu. Sasa tunamdanganya wawili, na mwenzangu katika hilo ni wewe.

Fomu ameisaini. Iko ndani ya bahasha hii. Usituandikie tena.

Dada yake